Kabla ya Kubeba Mkoba wa Bima ya Mazishi

Kazi ya kuuza bima ya mazishi haina sifa kubwa mtaani. Ukibisha hodi na mkoba begani, ukasema umekuja kuzungumza habari za jeneza na sanda, wako watakaokufungia mlango wakidhani umewaletea uchuro. Hata hivyo, ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto baada ya kufiwa na mume, na leo nataka kueleza jambo moja tu katika kazi hiyo: namna wakala mpya anavyopaswa kuchagua nyumba ya kufanyia kazi. Mimi nilichagua vibaya kwanza, na kosa lile nusura linigombanishe na kambi nzima.

Mwaka 2016 nilimzika mume wangu, aliyekuwa koplo wa polisi. Kwao ni Arua, na wazee wake wasingekubali mtoto wao alale ugenini. Kutoka hapa Makindye mpaka Arua ni safari ya karibu kilomita 500. Jeneza na gari vilipatikana kwa msaada wa wenzake kazini, na majirani wa Kiganda walichanga mabugo, yaani fedha za rambirambi, kama desturi yao ilivyo. Kikundi chetu cha munno mukabi, maana yake rafiki wa wakati wa dhiki, kilileta unga, maharage na masufuria. Lakini matanga hayaishi kwa unga. Kulikuwa na saruji ya kaburi, maturubai, nauli za jamaa na chakula cha watu waliokaa siku nne. Nilirudi Makindye na deni, nikauza cherehani yangu ili nililipe. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Kwa hiyo mwaka 2019, niliposikia kwamba kuna bima inayolipa gharama za mazishi kwa mchango mdogo wa kila mwezi, sikuhitaji kushawishiwa. Nilijua mwenyewe uzito wa mzigo ule, nikaazimia kuwa wakala.

AHADI ZA UKUMBINI

Sikuwa na habari kwamba katika biashara hii kuna nyumba za namna mbalimbali. Iko kampuni ya bima yenyewe, ambayo ndiyo inayobeba dhima na kulipa. Yuko dalali wa bima, ambaye kwa sheria humtumikia mnunuzi na kumtafutia kampuni inayomfaa. Na yuko wakala, anayeiuzia kampuni bima zake. Huyu aweza kuwa mtu mmoja kama mimi, au ofisi yenye mawakala wengi chini yake. Hao wote hapa Uganda wanatawaliwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2017, na sharti wapewe leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Mimi niliangukia kwenye ofisi ya namna hiyo ya mwisho. Rafiki yangu alinialika katika ukumbi wa hoteli mjini. Tulikuwa watu kama sitini, wengi wetu wajane, walimu waliostaafu na vijana waliomaliza shule. Msemaji alivaa suti safi. Alituonyesha picha za magari. Alisema kamisheni yao ni kubwa kuliko ya kampuni yoyote, na kwamba atakayeleta mawakala wengine atapata sehemu ya jasho lao pia. Tulipiga makofi. Nililipa ada ya mafunzo kwa fedha nilizokopa kwa wifi yangu, nikapewa mkoba, kitabu cha stakabadhi na fulana yenye maandishi. Nilipouliza habari za leseni niliambiwa, "Itafuata, mama. Wewe anza kazi."

Nilianza kazi. Katika majuma mawili nilikuwa nimeandikisha nyumba tisa, nyingi za askari na polisi tuliokuwa tukifahamiana tangu marehemu alipokuwa hai. Hawakuuliza maswali. Walisema, "Wewe ni mke wa mwenzetu, hutatupoteza." Wakanikabidhi mchango wa mwezi wa kwanza mkononi, nami nikaupeleka ofisini siku ile ile.

MASWALI YA MZEE

Nyumba ya kumi ilikuwa ya mzee mmoja, sajini meja mstaafu, aliyekuwa karani wa mishahara jeshini. Huyu alinikaribisha vizuri, akaagiza chai, kisha akavaa miwani na kuomba kuona kitabu changu cha stakabadhi.

"Binti yangu," aliniuliza, "jina hili lililopigwa chapa hapa juu ni la kampuni ya bima, au ni la hao waliokutuma?"

Nilitazama. Lilikuwa la hao walionituma.

"Basi nikikupa fedha yangu, itajulikanaje kule kwenye kampuni kwamba nimelipa?"

Nikamjibu kwamba ofisi itaipeleka.

"Itaipeleka lini? Na isipoipeleka, nikafa, watoto wangu watamdai nani?"

Sikuwa na jibu, Afande yule naye hakunidhihaki. Aliendelea kwa upole, "Niulizie na jambo la tatu. Mwanangu ni askari, na wenzake wengi wamekwenda Somalia tangu mwaka 2007. Akifa vitani, karatasi hii italipa au haitalipa?"

Nilirudi ofisini kesho yake na maswali yale matatu nimeyaandika katika daftari. La kwanza na la pili msimamizi wangu aliyapuuza, akasema hayo ni mambo ya ofisi. Hilo la tatu lilimkasirisha. Aliinamia meza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, habari za vita usiziguse. Ukiwaambia askari hati hailipi kifo cha vitani, nani atanunua? Uza kwanza. Hayo yatajulikana siku yakitokea."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinikata maini. Siku yakitokea, nani atakuwa pale? Yeye atakuwa ofisini mjini. Mimi nitakuwa nimeketi mkekani na wafiwa, nikitazamwa. Mama wa marehemu hatamtafuta mwenye suti; atanitafuta mimi, kwa kuwa mkono uliopokea fedha yake ulikuwa wangu.

Nikaomba wanipe mkataba wangu niusome kabla ya kuendelea, nikampelekea yule mzee. Tulikaa chini ya mwembe wake tukausoma mstari kwa mstari. Ulisema kwamba wateja wote ni mali ya ofisi. Kwamba nikiacha kazi, kamisheni ya miaka inayofuata inapotea. Na kwamba mteja akiacha kulipa kabla ya mwaka kwisha, nitairudisha kamisheni niliyopewa. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu siku ngapi ofisi ingekaa na fedha za wateja kabla ya kuzifikisha kwenye kampuni.

Baadaye nilijifunza kwamba masharti ya namna hii hayakuzuliwa hapa kwetu. Huko Marekani, ambako bima ya mazishi huuzwa sana kwa wazee, wakala mpya mara nyingi hupitia shirika la kati la uuzaji badala ya kwenda moja kwa moja kwenye kampuni. Shirika hilo humpatia mikataba ya kampuni kadhaa, humfundisha na kumwuzia majina ya watu wa kuwatembelea. Yako mashirika mema yanayomlea wakala mpaka akasimama. Lakini iko pia mikataba inayomfunga, hata akitaka kuhama sharti apewe kwanza barua ya kumwachilia. Na bima ikikatika mapema hudaiwa kamisheni aliyotangulizwa. Wapo walioingia kwa kufuata kamisheni kubwa wakatoka na madeni.

Sikutia sahihi. Lakini kazi ngumu ilikuwa bado, yaani kurudi kwenye zile nyumba tisa.

KURUDISHA

Ofisi ilikataa kurudisha fedha. Nilikwenda tena kwa wifi yangu, nikamweleza yote, naye baada ya kunisema kwa haki alinikopesha mara ya pili. Nikapita nyumba kwa nyumba nikirudisha mchango wa kila mtu, na kila mlango nilisema maneno yale yale: "Niliwauzia kitu nisichokijua. Tena nilifanya hivyo kabla sijapata leseni. Nisameheni."

Wengine walicheka. Mke wa konstebo mmoja alinikumbatia. Lakini mama mmoja alihesabu noti zake mbele yangu, akaniambia, "Kumbe ungetuzika wewe." Akafunga mlango. Neno lile lilinichoma kwa miezi mingi, nami sikuwa na haki ya kulikasirikia.

NILIVYOCHAGUA UPYA

Safari hii nilianza mwanzo unaostahili. Nilisoma kozi ya Chuo cha Mafunzo ya Bima hapa Kampala, nikafanya mtihani na kupata cheti cha ustadi ambacho wakala anatakiwa kuwa nacho. Huko darasani nilifahamu mambo ambayo ukumbini hayakutajwa. Nilifahamu kwamba leseni ya wakala ni ya mwaka mmoja na hutafutwa upya. Kwamba Mamlaka hutangaza orodha ya kampuni, madalali na mawakala wenye leseni, na kila mwananchi anaweza kuiangalia. Na kwamba Mamlaka hiyo ina kitengo cha kupokea malalamiko, hata mjane asiye na wakili aweza kufika na kusikilizwa.

Nilijifunza pia kwamba kazi hii ina asili ndefu. Wenzetu wa Ethiopia wana vyama vyao vya maziko viitwavyo iddir, ambavyo watu huchanga kila mwezi, na msiba ukitokea chama huleta hema, chakula na fedha. Huko London, kampuni ya Prudential, iliyoanzishwa mwaka 1848, ilianza mwaka 1854 kuwauzia wafanyakazi bima ndogo ndogo, na wakala akawa anapita nyumbani kwao kila juma kukusanya senti. Hapa kwetu wazee wengi hulikumbuka Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1964 na ambalo serikali iliuza sehemu yake kubwa mwaka 2005. Popote pale mambo ni yale yale: mteja haioni kampuni, humwona mtu aliyesimama mlangoni pake.

Nilipopata cheti nilikwenda kubisha hodi katika nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dalali wa bima. Walinipokea kwa heshima, wakanieleza kwamba wao hushughulika zaidi na vikundi vikubwa na waajiri, na wangependa niwaletee vikundi vya munno mukabi vizima vizima. Ushauri wao ulikuwa mwema, ila mimi nilitaka kuanza na mama mmoja mmoja, na kwao sikuona nafasi hiyo. Tuliagana vizuri.

Ya pili ilikuwa kampuni ya bima yenyewe. Kamisheni yao ilikuwa ndogo kuliko ile ya ukumbini. Hawakunipa fulana. Nilitoa daftari langu, nikamuuliza mama aliyenihoji maswali yale matatu ya Afande.

Alisema mteja hulipa kwa simu moja kwa moja kwenye hesabu ya kampuni, hupata ujumbe wa stakabadhi papo hapo, na wakala haruhusiwi kushika fedha mkononi. Nilipofika kwenye suala la vita, hakuinama wala kushusha sauti. Alifungua hati ukurasa wa nne, akaweka kidole juu ya kifungu, akasema, "Hapa. Askari akifa vitani, hati hii hailipi kwa ajili yake mwenyewe. Kwa mkewe, watoto wake na wazazi wake aliowaandikisha, inalipa. Na akifa kwa maradhi au ajali ya kawaida, inalipa. Mwambie hayo kabla hajatoa hata shilingi moja. Akikataa, mshukuru na uende zako."

Kisha akanionyesha vifungu vingine vya kutolipa: kipindi cha kungojea cha miezi mitatu kwa kifo cha maradhi, bima kukatika mchango usipolipwa, na umri wa mzazi anayeweza kuandikishwa. Alinitaka nivisome kwa sauti mpaka nivieleze kwa Kiswahili na kwa Luganda bila kutazama karatasi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefika. Nyumba ya ukumbini ilinifundisha kusema siku watakayolipa. Nyumba hii ilianza kunifundisha kusema siku wasiyolipa. Nikatia sahihi.

SIKU YA KUNYIMWA

Nilirudi kwa watu wangu. Katika zile nyumba tisa, tatu zilikubali kujiandikisha tena, na mojawapo ilikuwa ya yule mama aliyefunga mlango. Sikujua kwa nini alikubali. Yeye alisema tu, "Aliyerudisha fedha, tumjaribu." Aliandikisha mume wake, watoto wanne na mama mkwe wake mzee aliyekuwa akiishi nao. Nilimsomea vifungu vyote. Nilimwandikia kwa kalamu, juu ya hati yake, tarehe ambayo kipindi cha kungojea kingekwisha.

Mama mkwe yule alifariki kwa maradhi katika mwezi wa pili.

Naliogopa kwenda, sitaficha. Nilivaa gomesi nikapanda njia ya Lukuli kwa miguu, na kila hatua nilitamani nirudi. Nilikuwa nimeipigia simu kampuni asubuhi, nao wakanijibu bila kuzungusha maneno kwamba kwa mzee huyo hakuna malipo, wakanituma nitoe pole. Nilipofika nilikuta wanaume wamekaa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani mkekani. Nikapiga magoti, nikatoa pole, nikaketi. Baada ya muda mama mwenye nyumba aliingia chumbani, akatoka na hati yake. Moyo ulinidunda. Aliifungua mbele ya mawifi zake, akawaonyesha ile tarehe niliyoiandika kwa kalamu.

"Mwenzetu huyu alinieleza," akasema. "Siku zilikuwa hazijatimia."

Wifi mmoja alinung'unika kwamba bima zote ni wizi. Mama yule akamjibu, "Mwizi hakuandikii tarehe." Kisha akanipa kisu na kapu la ndizi, nikaanza kumenya matoke pamoja nao.

Niliomboleza pale kama jirani, wala sikutoka kwa kujificha. Mwaka uliofuata mume wa nyumba ile aligongwa na gari akiwa juu ya bodaboda katika mzunguko wa Kibuye. Niliwasaidia kupata barua ya mwenyekiti wa mtaa na hati ya kifo kutoka Mamlaka ya Usajili na Vitambulisho vya Taifa, nikapeleka nakala za vitambulisho. Fedha ziliingia katika simu ya mjane kabla gari halijaondoka kwenda kuzika. Hakuuza cherehani. Hakuuza kitu.

NENO KWA WANAOTAKA KUANZA

Barua na maswali hunijia kutoka kwa wake wa askari na kwa wastaafu wanaotaka kuingia katika kazi hii. Nami huwajibu hivi.

Kwanza, asikutume mtu kupokea fedha za watu kabla hujawa na leseni, na kabla hujaliona jina la nyumba hiyo katika orodha ya Mamlaka. Anayesema leseni itafuata, amekwisha kukuonyesha anavyoiheshimu sheria.

Pili, fuata njia ya fedha. Uliza mchango unatoka mkono upi unakwenda mkono upi, na mteja anapata stakabadhi ya nani. Ikiwa fedha inalala mahali kabla ya kufika kwenye kampuni ya bima, wewe usilale.

Tatu, usome mkataba wako wewe mwenyewe kama unavyotaka mteja asome wake. Angalia ukiacha kazi unabaki na nini, na bima ikikatika unadaiwa nini. Kamisheni kubwa iliyoandikwa juu ya karatasi aghalabu hulipiwa chini ya karatasi.

Nne, na hili ndilo kubwa, uliza: "Ni siku gani hamlipi?" Kisha mtazame usoni anayekujibu. Akifungua ukurasa na kuweka kidole, keti umsikilize. Akikuambia usiguse habari hiyo, beba mkoba wako uende.

Yule mzee sajini meja bado yu hai. Alijiandikisha yeye na mkewe, na mwanawe amerudi salama nyumbani. Kila mwaka ninapopata leseni mpya humpelekea aione. Huvaa miwani, akaisoma yote tangu juu mpaka chini, akaangalia tarehe, kisha hunirudishia na kusema, "Haya, binti yangu. Kunywa chai."